Je, ni lazima wenye siasa kali za mrengo wa kulia washike dola ndipo uhuru wa makundi ya wachache upotee?

Mwalimu wa Uraia (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nafundisha somo la uraia, na wiki hii mwanafunzi mmoja ameniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa pupa. Tulikuwa kwenye sura ya haki za msingi: uhuru wa kuabudu, wa kusema, wa kukusanyika, haki ya kupiga kura na haki ya kulindwa na sheria sawa na mtu mwingine yeyote. Nilieleza kwamba siasa kali za mrengo wa kulia ni tishio kwa haki hizo kwa sababu wanaozifuata huamini kuwa nchi ni mali ya asili moja, rangi moja au dini moja, na kwamba wengine wote ni wageni hata kama babu zao wamezikwa hapo. Nikatoa mfano ambao kila mwalimu huutoa, yaani Ujerumani. Hitler aliapishwa kuwa chansela tarehe 30 Januari 1933, na hata mwezi haujatimia, tarehe 28 Februari, siku moja baada ya jengo la bunge kuteketezwa kwa moto, amri moja ikasimamisha uhuru wa mtu binafsi, wa magazeti na wa mikutano, pamoja na usiri wa barua na simu.

Mwanafunzi akanyoosha mkono. "Lakini hao walikuwa wameshika dola," alisema. "Katika nchi nyingi leo watu wa namna hiyo hawana dola. Katiba iko palepale, mahakama ziko wazi, kura zinapigwa. Sasa hao wachache wamepoteza nini hasa?"

Nilimjibu kwamba wamepoteza utulivu wa moyo, na papo hapo nikalisikia jibu langu lilivyo jepesi. Utulivu wa moyo si kifungu cha katiba. Mtu anayeingia sinagogi au msikitini huku akiangalia mlango uko wapi iwapo atalazimika kukimbia, je, amenyang'anywa haki, au ana huzuni tu ambayo sheria haiwezi kuigusa? Naomba msaada wa wenye kujua historia na sheria, na naomba mifano iliyotokea kweli, kwa kuwa kijana huyu hapokei maneno matupu.

Msomaji wa Historia

Mwalimu, swali la mwanafunzi wako liliwahi kufika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1876. Majaji walilijibu vibaya, na jibu lao liliwagharimu watu weusi wa majimbo ya kusini kwa karibu miaka 90.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, katiba ya Marekani ilirekebishwa mara tatu. Utumwa ukafutwa mwaka huohuo, uraia na ulinzi sawa wa sheria ukaandikwa mwaka 1868, na mwaka 1870 ikakatazwa kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Kwa maandishi, hakuna kilichobaki kudaiwa na wanaume weusi. Lakini kundi la Ku Klux Klan, lililoanzia Tennessee, halikuhitaji kubadili hata nukta ya maandishi hayo. Lilikwenda usiku, nyuso zimefunikwa, kwenye nyumba ya mtu aliyejiandikisha kupiga kura au ya mwalimu aliyefundisha watoto weusi kusoma, likamtoa nje na kumchapa viboko, au kumuua. Asubuhi haki yake ya kupiga kura ilikuwa bado ipo katika vitabu, ila yeye hakurudi tena kituoni, wala jirani zake waliosikia vilio usiku ule.

Serikali ilipoamua kweli, iliweza. Bunge lilitunga sheria dhidi ya Klan mwaka 1871, na Rais Grant, katika wilaya 9 za South Carolina, akasimamisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu, hata mamia wakatiwa mbaroni na kundi likasambaratika. (Kumbukeni hatua hiyo ya Grant, maana nahisi wakili atakayepita hapa hataiacha.) Kisha likaja tukio la Colfax, Louisiana, siku ya Pasaka mwaka 1873, ambapo wazungu wenye silaha walilizingira jengo la mahakama lililokuwa likilindwa na watu weusi, wakawaua kwa makumi, wengi wao wakiwa wameshajisalimisha. Wachache mno walitiwa hatiani, na kesi yao ilipofika Mahakama ya Juu, majaji walitengua hukumu kwa hoja kwamba katiba inazizuia serikali za majimbo kuvunja haki, bali haiwazuii watu binafsi. Kwa maneno mengine, askari akikunyima haki, katiba imevunjwa. Jirani zako mia moja wenye bunduki wakikunyima haki ileile, hilo ni shauri la jimbo lako, na jimbo lenyewe limekaa kimya.

Njia ilipokwisha kusafishwa kwa hofu, ndipo sheria zikafuata. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya iliyomtaka mpiga kura alipe kodi ya dola 2, na aweze kusoma kifungu cha katiba, au akielewe anaposomewa, au akieleze kwa namna ya kuridhisha. Neno "rangi" halikutajwa katika masharti hayo. Fikirini tu chumba chenyewe: karani mzungu upande mmoja wa meza, mkulima mweusi upande wa pili, na karani ndiye anayechagua kifungu kipi kisomwe na ndiye anayeamua kama maelezo yameridhisha. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ilizipitisha kanuni hizo, kwa kuwa hazikumtaja mtu yeyote. Huko Louisiana watu weusi walioandikishwa kupiga kura walikuwa 130,334 mwaka 1896. Kufikia mwaka 1904 walibaki 1,342.

Niongeze jambo moja ambalo wengi hulisahau. Huko Mississippi watu weusi wakati huo walikuwa wengi kuliko wazungu. Kwa hiyo tunaposema "wachache", Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba hatuhesabu vichwa peke yake, tunahesabu pia nani anasikilizwa anapopiga yowe.

Mfuatiliaji wa Kesi

Aliyetangulia ameeleza vizuri, lakini mwanafunzi anaweza kusema hayo ni ya karne ya 19. Mimi nitamletea ya karne hii.

Tarehe 9 Septemba 2000, huko Nuremberg, Ujerumani, mfanyabiashara wa maua mwenye asili ya Uturuki alipigwa risasi kando ya barabara alipokuwa akiuza maua yake. Hadi Aprili 2006 watu wengine 8 walikuwa wameuawa kwa bastola ileile katika miji mbalimbali, 7 wenye asili ya Uturuki na mmoja Mgiriki, wengi wao wakiwa kazini: dukani, kwenye kibanda cha chakula, kwa fundi wa funguo. Wauaji walikuwa kikundi cha Wanazi mamboleo kilichojiita NSU, na umma haukulijua hilo mpaka Novemba 2011.

Sasa niseme kilichotokea katika miaka hiyo 11 katikati, kwa sababu jibu la mwanafunzi limo humo. Polisi waliwatafuta wauaji miongoni mwa waliouawa. Walichunguza dawa za kulevya, kamari, madeni, ugomvi wa kifamilia. Hata kikosi maalumu cha upelelezi kikapewa jina la Bosporus, mlangobahari wa Istanbul, kana kwamba jibu lilikuwa limeshajulikana liko upande gani. Mjane wa yule muuza maua alionyeshwa na wapelelezi picha ya mwanamke mwenye nywele za dhahabu, akaambiwa kwamba marehemu mumewe alikuwa na familia nyingine na mwanamke huyo. Ilikuwa uongo, mbinu ya kumfanya aseme siri ambazo hakuwa nazo. Magazeti nayo yaliyaita mauaji hayo kwa jina la chakula cha Kituruki, kama vile waliokufa hawakuwa watu.

Mwalimu, hebu pima hapo. Katiba ya Ujerumani, ambayo ni miongoni mwa zinazosifiwa sana duniani, haikuguswa. Lakini haki ya kulindwa na sheria sawa na wengine, ambayo umeitaja mwenyewe katika sura yako, ilikuwa wapi kwa mjane huyo? Alikuwa mfiwa akawa mtuhumiwa, na waliomtuhumu si wenye itikadi kali bali watumishi wa umma wa kawaida ambao pengine walijiona hawana ubaguzi hata chembe. Kikundi cha watu wachache kilifyatua risasi, na dola ikakamilisha kazi bila kujua. Msamaha wa serikali, alioutamka Chansela Merkel mbele ya familia hizo, ulikuja Februari 2012.

Hali kama hiyo ilitokea Hungaria. Desemba 2007 wanaume wenye sare wa kundi lililojiita Walinzi wa Hungaria waliandamana katika kijiji cha Tatárszentgyörgy wakipiga kelele juu ya "uhalifu wa Waroma", yaani jamii ya wachache inayoishi Ulaya, si watu wa jiji la Roma. Miezi 14 baadaye, Februari 2009, katika kijiji hichohicho, nyumba ya Waroma ilichomwa moto usiku, na baba na mwanawe mdogo wakapigwa risasi walipokuwa wakikimbia moto. Sisemi kwamba walioandamana ndio walioua. Waliotiwa hatiani mwaka 2013 walikuwa wanaume wengine 4, na walikuwa wameua Waroma 6 katika mfululizo wa mashambulizi. Ninachosema ni kwamba maelezo ya kwanza ya polisi kuhusu usiku ule yalikuwa hitilafu ya umeme. Watu wamelala na majeraha ya risasi, na mtumishi wa umma anaandika hitilafu ya umeme.

Mwalimu wa Uraia

Nimesoma mara mbili na ninawashukuru sana. Nimeelewa kwamba haki haifutwi tu, inaweza pia kuachwa bila mlinzi. Lakini mnanipeleka kwenye swali la pili ambalo darasa langu litalirukia: kama ni hivyo, kwa nini makundi haya yasipigwe marufuku yote, vyama vyao vifungwe na maandamano yao yakatazwe?

Wakili Mstaafu

Naomba nitofautiane na waliotangulia, si katika habari walizotoa, ambazo ni za kweli na za kuumiza, bali katika dawa ambayo naona inaanza kunukia.

Mwalimu, turudi kwenye Ujerumani yako. Chama cha Nazi kilipigwa marufuku baada ya jaribio la mapinduzi la Novemba 1923 mjini Munich. Hitler alihukumiwa miaka 5, akatoka gerezani Desemba 1924, na Februari 1925 chama kikaanzishwa upya. Kikosi chake cha mashati ya kahawia kilipigwa marufuku Aprili 1932. Juni mwaka huohuo serikali nyingine ikaondoa marufuku hiyo. Marufuku ilikuwepo, waliokosekana ni watu wenye nia ya kuisimamia. Na ile amri ya 28 Februari 1933 ilisimama juu ya nini? Juu ya kifungu cha 48 cha katiba ya jamhuri, kilichompa rais mamlaka ya dharura ili ailinde nchi. Wanazi hawakukitunga kifungu hicho, walikikuta. Ndiyo maana sikufurahi pia kusoma habari ya Grant ikisimuliwa kwa shangwe. Niliyoitetea miaka yangu yote ni haki hiyohiyo ya mtu kufikishwa mbele ya hakimu.

Tazameni pia kisa cha Skokie, mji ulio karibu na Chicago ambao mwaka 1977 zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Wayahudi, wakiwemo wengi walionusurika kambi za mauaji. Kikundi kidogo cha Wanazi kilitaka kuandamana huko. Mji ukatunga masharti, mojawapo likiwa bima ya dola 350,000 kabla ya kuandamana. Chama cha kutetea uhuru wa kiraia, ACLU, kilikwenda mahakamani kuwatetea Wanazi, na mkuu wake, Aryeh Neier, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Berlin na kukimbizwa na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Maelfu ya wanachama walijitoa kwa hasira. Lakini hoja yake ilikuwa hii: masharti ya bima na vibali ndiyo yaleyale ambayo miji ya kusini iliyatumia kuwazuia watu weusi waliodai haki zao. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ukishauchonga, huchagui tena utachomwa nani. Mahakama zilikubali hoja hiyo, na mwishowe Wanazi hawakuandamana Skokie, wakafanya mkutano wao Chicago.

Historia yangu ya kazi imenifundisha kwamba sheria za dharura huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja na hutumika kwa mwingine, na huyo mwingine mara nyingi ni maskini, mgeni au mwenye dini isiyo ya wengi. Adhibuni matendo, na muyaadhibu bila huruma: anayechoma, anayepiga, anayetishia, anayechanga fedha za kununua silaha. Mawazo yake muyajibu hadharani.

Mfuatiliaji wa Kesi

Mzee wangu, nakuheshimu na ninakubali nusu. Tatizo langu ni kwamba mpaka wa tendo na wazo huonekana wazi zaidi mahakamani kuliko mtaani. Wanaume mia wenye sare na mabuti wakipita mbele ya nyumba za Waroma peke yake, wakifuata mstari mmoja kama jeshi, hawajampiga mtu. Lakini wamesema nini, na wamemwambia nani? Mahakama za Hungaria ziliamuru chama kilichounda kundi hilo kivunjwe mwaka 2009, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakubaliana nazo mwaka 2013, kwa kuona kwamba kuandamana kwa namna hiyo mbele ya watu wasioweza kuhama nyumba zao kunavuka mpaka wa kutoa maoni. Na hata hivyo nitakupa na wewe haki yako: Machi 2011, baada ya kundi kuvunjwa, wengine wenye majina mapya walipiga doria siku baada ya siku katika kijiji cha Gyöngyöspata, wakiwatukana na kuwatishia Waroma milangoni mwao. Mwanamke mmoja aliishtaki serikali kwa kutochunguza vitisho hivyo ipasavyo, akashinda huko Strasbourg, makao ya mahakama hiyo ya Ulaya, mwaka 2016, miaka 5 baadaye.

Msomaji wa Historia

Nami nimpe Wakili kitu cha kufurahia. Ile sheria ya Klan ya mwaka 1871 haikufa. Agosti 2017 Wanazi mamboleo na wenzao waliandamana Charlottesville, Virginia, na mmoja wao akaendesha gari kuingia katikati ya watu waliowapinga, akamuua mwanamke mmoja. Waathirika walifungua kesi ya madai wakiitumia sheria hiyo, pamoja na sheria za Virginia. Novemba 2021 wazee wa baraza hawakuafikiana juu ya madai ya ile sheria ya 1871, lakini kwa sheria za jimbo waliwaona waandaaji kuwa na hatia, wakawatoza fidia ya zaidi ya dola milioni 25, kiasi ambacho mahakama ilikipunguza baadaye. Hakuna wazo lililopigwa marufuku. Kilichoadhibiwa ni kupanga njama ya kuwadhuru watu, na ushahidi mkubwa ulikuwa maneno waliyoandikiana wenyewe mtandaoni.

Msomaji wa Magazeti

Naingia kwa ufupi. Mnazungumza kama kwamba kuna njia mbili tu, risasi au dola. Iko ya tatu, nayo ni kura. Tarehe 29 Novemba 2009 wananchi wa Uswisi walipiga kura ya maoni iliyopiganiwa na wanasiasa wa mrengo wa kulia, na asilimia 57.5 wakakubali katiba yao iseme kwamba ujenzi wa minara ya misikiti ni marufuku. Serikali na bunge walikuwa wamewaomba wakatae. Minara iliyokuwepo nchi nzima siku hiyo ilikuwa 4. Hapo hakuna aliyefunika uso wala aliyeshika dola kwa nguvu. Watu wema walitoka nyumbani, wakapanga foleni, wakarudi kula chakula cha mchana. Na tangu siku hiyo Mwislamu wa Uswisi anasoma katika katiba ya nchi yake kifungu kilichoandikwa kwa ajili yake peke yake. Mwalimu, hapa katiba imeguswa kweli, na waliokuwa wakali jana ndio waliochagua swali ambalo nchi nzima ililazimika kulijibu.

Mwalimu wa Uraia

Sikutegemea kupata haya yote. Nitawapa darasa kisa cha karani wa Mississippi na cha Skokie, wabishane wenyewe. Limebaki moja. Kijana wangu ataniuliza: kama haki hupotea kimyakimya namna hii, ni nani anayeweza kuona mapema?

Mfuatiliaji wa Kesi

Wanaoona mapema wapo siku zote. Huko New Zealand jumuiya za Waislamu, hasa baraza la wanawake wao, walizieleza ofisi za serikali zaidi ya mara moja juu ya chuki na vitisho walivyokuwa wakipata, kabla ya watu 51 kuuawa katika misikiti miwili ya Christchurch tarehe 15 Machi 2019. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vimeelekeza macho yao kupita kiasi kwenye tishio la ugaidi wa Waislamu wenye itikadi kali.

Na nirudi Ujerumani, kwa jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Aprili 2006 kijana wa miaka 21 aliuawa katika duka la intaneti la familia yake mjini Kassel, akiwa mhanga wa 9. Mwezi uliofuata familia za waliouawa ziliandamana katika mji huo, na Juni zikaandamana Dortmund. Walibeba picha za wapendwa wao na kauli moja: hapana mhanga wa 10. Wakati polisi wakitafuta wauza dawa za kulevya, wao walikuwa wameshatambua kwamba mtu anawaua kwa sababu ya asili yao, na walimtaka waziri wa mambo ya ndani achukue hatua. Waliowasikiliza walikuwa karibu wote ni watu wa jamii yao.

Mhanga wa 10 aliuawa Aprili 2007 mjini Heilbronn. Alikuwa askari polisi.